Mjadala: Je, kinga ya meno iwe lazima kwa vijana wanaocheza soka?

Mwanzisha Mada: Kanuni ya 4 ya soka inamlazimu kila mchezaji avae vikinga ugoko, ilhali mfupa wa mguu ukivunjika huunga na jino likivunjika haliungi. Bondia hapandi ulingoni bila kinga mdomoni. Kwa nini soka, ambayo kila kona ikipigwa viwiko na vichwa hugongana, isiweke sharti kama hilo, walau kwa vijana?

Beki Mstaafu: Anayehofia meno yake acheze karata. Isitoshe, beki huwapanga wenzake kwa sauti, naye mwenye plastiki mdomoni atabaki kuguguma tu.

Mlinda Lango: Suala la sauti nalikubali, lakini hilo la karata ni dharau. Raga ya New Zealand ilifanya kinga hizi kuwa lazima mwishoni mwa miaka ya 1990, na madai ya fidia ya meno yakapungua mno. Nani amewahi kuwaita wale waoga? Tena kinga hiyo huzuia hata mtikisiko wa ubongo.

Tabibu wa Kinywa: Hapo umevuka mpaka, ndugu yangu. Kinga hutawanya nguvu ya pigo na kuzuia meno ya juu na ya chini yasigongane, lakini kuhusu ubongo ushahidi ni dhaifu. Hata zile zenye vihisi, zilizoingizwa katika raga ya kimataifa, hupima pigo tu. Ama kuhusu sauti, inayomziba mtu ni ile ya saizi moja, ambayo hulegea hadi aiume ili isidondoke, wakati iliyotengenezwa kwa umbo la meno yake humwacha aseme na kupumua vizuri.

Beki Mstaafu: Kumbe ubongo haikingi! Basi jino likitoka, sisi tuliliokota, tukalisugua, tukalitia mfukoni hadi mechi iishe.

Tabibu wa Kinywa: Mfukoni ndiko linakofia, kwa sababu chembe hai za mzizi hukauka. Jino la ukubwani hushikwa upande wa kutafunia, husuuzwa kidogo bila kusuguliwa na kurudishwa mahali pake papo hapo. Ikishindikana, hutiwa ndani ya maziwa na kuwahishwa kwa daktari, ikiwezekana ndani ya nusu saa. Jino la utotoni halirudishwi.

Mwanzisha Mada: Mimi niliuliza kuhusu sharti.

Beki Mstaafu: Na mwamuzi akague vinywa 22 kabla ya kipyenga, wakati hata vikinga ugoko huvitupia jicho tu?