Tupeane uzoefu: Neno "Baba" kwa Mungu lilianza kukufariji lini?

Bibi_Alinilea

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Na Tumsifu Yesu Kristo kwa wenzangu wa jumuiya.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwandikisha mwanangu darasa la kwanza. Majina matatu: lake, langu, halafu la babu yake. Mwalimu akaandika mawili ya kwanza, akainua kichwa: "La tatu?" Nikanyamaza kidogo. Jina la baba ninalotumia mimi si la baba. Ni la babu mzaa mama. Bibi ndiye alilitoa mwaka 1996, mbele ya meza kama ile ile, na yeye akiwa amenyamaza kwanza.

Bibi alinifundisha Baba Yetu kabla sijajua kuhesabu. "Baba yetu uliye mbinguni." Nikaelewa moja kwa moja kwamba baba yangu yuko huko, ndiyo maana simwoni. Nikawa nasali kwa raha zangu, namwomba viatu, namshitakia binamu yangu. Nikiwa na miaka tisa, jirani mmoja kwenye ugomvi wa foleni ya maji akanitamkia mbele za watu kwamba baba yangu yuko Tabora, mzima wa afya, ana mke na watoto. Siku ile nilifiwa na baba wawili kwa mpigo. Wa Tabora hanitaki, na wa mbinguni kumbe siye niliyekuwa nikizungumza naye.

Sala ile nikaiacha. Jumuiyani nilikuwa natikisa midomo tu. Bibi aligundua, ila hakunihubiria. Hakujua kusoma, lakini Zaburi alikuwa nazo kichwani, akanitajia maneno ya ile ya 27: "Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali Bwana atanikaribisha kwake." Akaendelea kupepeta mchele wake.

Ilinichukua miaka kulisikia neno lenyewe, *atanikaribisha*. Bibi alikuwa na mazoea: ukiingia nyumbani, hata kama ulitumwa chumvi tu dukani, lazima akwambie "karibu, baba". Kila siku. Nimeishi mle miaka kumi na sita na nimekaribishwa kila siku kama mgeni aliyesubiriwa. Siku nilipoyaunganisha hayo mawili nilikuwa ndani ya daladala, nikapitiliza kituo.

Haya, tupeane uzoefu. Mahubiri tunayapata Jumapili, hapa naomba yaliyowapata wenyewe.

Konda_wa_Zamani

Natega sikio. Mimi bado.

Randa_na_Msumari

Mleta uzi umenigusa pabaya.

Mzee wangu alikuwa mlevi na alitupiga kwa mpira wa baiskeli. Kanisani kwetu mwinjilisti alipenda sana Waebrania 12: "Maana yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi." Kwa utoto wangu sikujua kwamba *kurudi* mtu ni Kiswahili cha zamani cha kumwadibu. Nilielewa kurudi kama mtu anavyorudi nyumbani. Na mimi nilijua maana ya baba kurudi: unasikia baiskeli inaangushwa ukutani, mnazima koroboi, mnajikunyata. Kwa hiyo nikasadiki kwamba na Mungu anayenipenda iko siku atarudi usiku. Nilipokuja kuelezwa maana halisi sikupata nafuu yoyote, maana fimbo ilikuwa pale pale!

Nilipomaliza la saba nikaenda kujifunza useremala Makambako. Mwezi wa tatu fundi mkuu akanipa ubao wa mninga, futi nane, wa mlango wa mteja. Mninga ni pesa, waliowahi kununua wanajua. Nikapima vibaya, nikakata. Pungufu ya inchi nne. Nikasimama pale nimeshafumba macho, nimeinua bega hivi kukinga sikio. Fundi akaja, akachukua futi, akapima, akapima tena upande wa pili. Akasema, "Hapa tutatoa stuli mbili. Nenda kanywe chai, ukirudi tuchague ubao mwingine." Ubao ule aliulipa mwenyewe.

Nilikunywa chai huku nalia, na mama ntilie akadhani nimefiwa.

Baada ya hapo ndipo nikaweza kusoma Luka 15 hadi mwisho. Yule kijana alikuwa ameandaa hotuba yake njia nzima, "nifanye kama mmoja wa watumishi wako", na mzee akamkimbilia angali mbali. Jamani, kwetu mzee hakimbii. Mzee akikimbia ni nyoka au nyumba inaungua. Huyu alikunja nguo zake akakimbia mbele ya kijiji kizima, na ile hotuba haikumalizika, kasome mwenyewe. Sehemu ya "nifanye kama mtumishi" hakupewa nafasi ya kuitamka.

Zile stuli moja ninayo. Haiuzwi.

Nakuru_ya_Mvua

Mimi shida yangu ni kinyume. Babangu alikuwa mzuri kupita kiasi. Nikimpigia kumwambia nimekwama, M-Pesa ilikuwa inaingia kabla sijakata simu. Sasa mzee alipoaga, nikataka Mungu awe hivyo hivyo. Nikiomba asubuhi, saa nne naangalia simu. Nilikasirika na Mungu karibu mwaka mzima kwa sababu hakuwa babangu. Siku hizi tunaelewana kiasi. Nitasimulia siku nyingine, niko kazini.

Jirani_Mwislamu

Asalaam aleikum. Napita tu, msinifukuze. Kwetu Mwenyezi Mungu hatumwiti Baba, hilo linajulikana, sisi tunaanza na Rahmani, Rahimu. Lakini nimesoma habari ya ubao wa mninga nikamkumbuka baba wa kambo aliyenilea Tanga. Mungu amrehemu. Nimeona nishukuru tu.

Bibi_Alinilea

Karibu sana jirani. Hapa hafukuzwi mtu.

Mama_wa_Mmoja

Nimesoma tangu juu, nimeandika nikafuta mara tatu.

Nina watoto wawili. Mmoja ninaye, mmoja nilimzika mwaka 2017 akiwa na miaka minne. Malaria, ikapanda kichwani, siku tatu. Msibani niliambiwa yote mnayoyajua. "Kazi ya Mungu haina makosa." "Bwana alitoa, Bwana ametwaa." Mama mmoja wa kwaya akanishika mkono akasema Mungu alimpenda zaidi. Nilitamani kumrushia sahani ya wali. Baba gani anampenda mtoto kwa kumpokonya mama yake? Na huyo ndiye nimwite Baba?

Miaka miwili nilikwenda kanisani kwa ajili ya wakwe, ili yasiongezeke maneno. Sala ya Bwana ikianza, mimi natafuta kitu kwenye mkoba.

Alhamisi Kuu moja nikapangiwa kusoma Marko 14. Nilikubali kwa sababu mpangaji hakujua, na sikutaka kueleza. Nikasoma hadi Gethsemane: "Aba, Baba, yote yawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki." Sauti ikakatika. Sikuwa nimewahi kuona kwamba ndiyo mahali pekee katika Injili zote panapoandikwa *Aba*, na ndipo hapo alipoomba akanyimwa. Kumbe na yeye! Alimwita kwa jina lile la nyumbani, usiku, jasho linamtoka, wenzake wamelala, na kikombe hakikuondolewa.

Na endeleeni sura inayofuata. Kwa Marko, msalabani hata neno Baba halikumtoka. "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Mimi niliishi ndani ya mstari ule miaka miwili nikidhani nimekufuru, kumbe mwenye nyumba mwenyewe alishapita humo. Luka ndiye anatuambia kwamba alipokata roho alisema, "Baba, mikononi mwako naiweka roho yangu." Kutoka mstari mmoja hadi mwingine kuna umbali gani, mimi sijui. Nimeutembea kwa goti.

Kwa nini mwanangu alikufa sijaambiwa hadi leo. Usiku ule nililala hadi asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu 2017. Ni hayo tu niliyonayo.

Na nyie mnaokwenda misibani, nawaomba: nendeni mkaoshe vyombo. Mungu mwacheni ajisemee.

Konda_wa_Zamani

Pole dada.

Katekista_Mstaafu

Pole sana mwanangu. Maneno ya hapo juu yametosha kwa ibada nzima, mimi naongeza kijisehemu cha darasani tu.

*Aba* ni Kiaramu, na katika Agano Jipya linaonekana mara tatu: hapo Marko 14, kisha Warumi 8:15 na Wagalatia 4:6. Wengine huhubiri kwamba ni kitamkwa cha mtoto mchanga. Si hivyo tu, hata mtu mzima alimwita baba yake Aba. Ni kama kwetu: mtoto wa miaka miwili anasema "baba", na mzee wa miaka sitini akimpigia baba yake wa miaka themanini na tano anasema neno lile lile.

Sasa kwa mleta uzi na fomu yake. Paulo anaposema tumepokea "roho ya kufanywa wana", wasomaji wake wa Rumi walijua anazungumzia nini. Kwao mtu aliyefanywa mwana alichukua jina la baba yake mpya na haki ya urithi, wala hakuhesabiwa nusu mtoto. Kaisari Augusto, yule wa sensa ya Luka 2, alikuwa mwana wa kufanywa wa Julius Caesar. Naye akamfanya Tiberio mwana, ndiye aliyekuwa akitawala Yesu aliposulubiwa. Wakubwa wa dunia nzima ya wakati ule walikuwa wakiitwa kwa majina ya baba ambao hawakuwazaa. Usione haya mbele ya mwalimu wa darasa la kwanza.

La tatu uliandika nani?

Bibi_Alinilea

Shikamoo katekista. Niliandika lile lile la 1996. Mwalimu akasema "sawa", akageuza ukurasa. Miaka yote hiyo ya kuogopa, kumbe ni sekunde tatu.

Ijumaa_Ruwi

Mimi nilifanya kazi za ndani Muscat miaka mitatu. Sitasema mabaya ya nyumba ile, yalikuwepo, yameisha. Ijumaa moja moja nilipata ruhusa, nikaenda kanisani Ruwi. Huko ibada kubwa zinafanyika Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko. Unakuta Wahindi, Wafilipino, Waafrika, kila mtu na lugha yake. Ikifika Baba Yetu mimi naisali kwa Kiswahili chini chini, maana kwa Kiingereza naona kama namsalimia bosi.

Viganja vyangu vilikuwa vimechanika kwa dawa za kusafishia, na huu wa kulia una alama ya pasi hadi leo. Siku moja likasomwa lile la Isaya 49, mama aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye lakini mimi sitakusahau, halafu linafuata: "nimekuchora katika vitanga vya mikono yangu." Nikatazama kitanga changu. Nikasema, kwa hiyo na wewe una alama.

(Na muone, hapo Mungu anajifananisha na mama. Wanaume wa uzi huu msijisahau.)

Kilo1_na_Gramu300

Mimi nilikuja kuelewa nikiwa upande wa pili, kama baba.

Mke wangu alipata kifafa cha mimba, mtoto akatolewa kwa upasuaji wiki ya 30. Njiti. Gramu 1,300, kichwa kama chungwa. Mama yake hajitambui. Nesi akanitazama akasema, "Baba, vua shati." Nikadhani anatania. Akamweka kifuani ngozi kwa ngozi, akatufunga kwa kitenge cha mama mkwe. Wodi nzima ni kina mama na kangaruu mwenye ndevu mmoja. Walicheka hadi wakachoka.

Nilimbeba usiku kumi na moja. Hulali chali, unaegemea. Maziwa yanapita kwa mpira puani, kwa kipimo cha sindano. Na njiti husahau kupumua. Unahisi kifua chake kimetulia, basi unamkwaruza unyayo kwa kidole hadi avute pumzi, nawe ndipo uvute yako.

Usiku wa saba hivi nikawa namfikiria. Huyu hanijui. Hajanifanyia lolote. Anachonipa ni mkojo, na hata huo ni kijiko kimoja. Hajui kama nipo, anajua tu kuna joto. Na mimi niko tayari kumpiga mtu ngumi atakayemgusa vibaya. Mimi niliyelelewa Kilutheri, niliyeimba neema tangu Sunday school, nikatambua kwamba maisha yangu yote nilikuwa namletea Mungu ripoti. Nimefanya hiki, nimeacha kile. Kumbe muda wote huo huenda kuna mtu alikuwa ananikwaruza unyayo nisisahau kupumua.

Asubuhi nikampigia mzee wangu. Ni mtu mkavu, hajawahi kunikumbatia. Nikamuuliza, "Baba, mimi uliwahi kunibeba?" Akaona swali la kijinga. "Uliumwa surua, nikakubeba mgongoni hadi zahanati, mto umejaa. Nani mwingine angekubeba?" Kisha akaulizia bei ya mahindi mjini.

Hosea 11 ina mstari ambapo Mungu anasema alimfundisha Efraimu kwenda kwa miguu, akawachukua mikononi. Halafu anaongeza kwamba wao hawakujua. Nimeupigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Konda_wa_Zamani

Nilisema bado, na bado ni bado. Ila kesho nakwenda kumwangalia mzee wangu Singida, hatujaonana tangu 2014. Sijui nitamwambia nini. Msiniombee kwa makelele.

Mama_wa_Mmoja

Safari njema kaka. Mbebee sukari, ukikosa la kusema utakuwa na cha kukabidhi.

Kilo1, na huyo njiti wako je?

Kilo1_na_Gramu300

Ana miaka sita, hashikiki. Jana jino la mbele limeng'oka, kalitupa juu ya bati ili panya amletee jipya. Sasa anadai hakulisikia likitua, huenda limeangukia kwa jirani. Nipo juu ya ngazi hapa natafuta jino, ndiyo maana nimechelewa kukujibu.