Mjadala: Filamu ya vijana wa Zama za Siasa Unguja, ichezwe na watoto au watu wazima?

Kamera Moja: Tuchukue filamu ya marafiki wawili na binti wanayempenda wote, wanakulia Unguja katika Zama za Siasa, yaani kati ya uchaguzi wa Julai 1957 na Mapinduzi ya Januari 1964. Nasema ichezwe na vijana wa umri wenyewe. Mwanamume wa miaka 28, mnyoe utakavyo, taa ya ubavuni itamtoa kivuli cha ndevu. Shingo nayo haifichiki. Mnasemaje?

Fundi Sauti: Umesahau koo, mkuu. Mvulana wa miaka 13 sauti yaweza kumvunjikia katikati ya kazi, na akiwa kwenye kukua hurefuka hata sentimita 8 au 9 kwa mwaka. Ukirudia kipande miezi 6 baadaye, suruali imempanda juu ya kifundo na sauti ni ya mtu mwingine. Dawa yake: matukio ya utotoni yapigwe mfululizo kwa wiki chache, na kila siku kabla ya kufunga vifaa arekodi maneno yake yote bila picha, palepale. Usiyaache ukategemea studio. Mwangwi wa ukuta wa mawe hautaupata tena.

Bint Ukaya: Ndevu, ndevu! Na binti mtamvika nini? Abaya ya kufungua mbele? Zama hizo ni buibui la kamba, na ndani kanga. Mkikosea hapo hata mtoto wa miaka 16 hatawaokoa.

Kamera Moja: Dada, mtazamaji hasomi kanga. Anatazama nyuso.

Bint Ukaya: Hasomi? Kanga ina pindo, mji na jina, na jina ndiyo kauli ya mvaaji. Binti akigeuka kuondoka, maandishi yako nyuma, chini, yanamkabili kijana aliyeachwa barazani. Hapo jina limesema kabla ya mwigizaji. Ukimpiga kupitia kioo, linageuka kinyume, na kila mwanamke ukumbini ataliona kosa. Usiniambie hasomi.

Mkaguzi: Taratibu, Bint Ukaya. Enzi hizo majina ya kanga yalikuwa kwa herufi za Kiarabu.

Bint Ukaya: Za Kiarabu zilitangulia, mwanzoni mwa karne ya 20. Kufika miaka ya 1950 za Kirumi zimeshazoeleka. Soma kwanza, kisha nisahihishe.

Fundi Sauti: Kwenye kanga nakubaliana naye. Nunueni doti tatu za aina moja: moja ya kuvaa, moja ya tukio la mvua, moja akiba. Mpya hukakamaa kwa wanga na kunguruma kwenye maikrofoni ya kifuani, kwa hiyo ifuliwe mara 4 au 5, ianikwe. Vile vitone vidogo vya kanga hutengeneza mistari ya mawimbi kwenye picha ya kamera ya dijitali. Sogea mbele kidogo au badili lenzi.

Mkaguzi: Mnagombea kitambaa, na hadithi haijakaa sawa. Watu husema "uchaguzi wa 1961" kana kwamba ulikuwa mmoja. Zilikuwa chaguzi mbili. Januari chama cha ASP (Afro-Shirazi Party) kilipata viti 10, Hizbu (ZNP, Zanzibar Nationalist Party) 9, na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) 3.

Kamera Moja: Na ZPPP wakaenda wote na Hizbu.

Mkaguzi: Si wote! Wawili walikwenda Hizbu, mmoja ASP. Ikawa 11 kwa 11, serikali haikuundika, kikaongezwa kiti cha 23, wakapiga tena kura Juni. Ghasia zikaua watu 68. Marafiki wako wanagawanyika katika miezi hiyo mitano. Ukiziunganisha chaguzi hizo kuwa moja, wanakosana ghafla bila sababu, na mapenzi yao hayaaminiki.

Kamera Moja: Basi miezi mitano hiyo kijana anakua sentimita ngapi? Ndiyo maana nataka watoto wa kweli.

Bint Ukaya: Na binti naye miezi mitano hiyo hawezi kuvaa doti ileile moja. Ya Juni iwe nyingine, jina jingine. Hilo bado hujanijibu.