Mume wangu anataka Sa Calobra, mimi naogopa miteremko: twende Mallorca au Girona?

Dada wa Soni

Habari za jioni wapendwa. Naombeni ushauri, na tafadhali someni mpaka mwisho, maana swali lenyewe liko huko chini.

Mimi ni muuguzi, kwetu ni Soni, Lushoto, kwa sasa naishi Freiburg, Ujerumani, na mume wangu. Baiskeli ndiyo starehe yetu kubwa. Mwezi wa tano tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na tumejiwekea akiba ya wiki moja ya kuendesha kwenye jua, katikati ya vilima na miji ya kale ya mawe. Yeye moyo wake uko Mallorca, kile kisiwa cha Hispania. Anaitaja Sa Calobra, ile barabara ya huko inayoteremka mlimani mpaka baharini, kama mtoto anavyoitaja Idi. Mimi nimeipenda Girona, mji wa Katalunya, kaskazini mashariki mwa Hispania. Jumapili lazima tukate tiketi.

Kupanda hakunisumbui, nimekulia milimani. Tabu ni kushuka. Septemba iliyopita nilianguka kwenye kona, lami ilikuwa na unyevu, nikavunjika mtulinga. Mfupa umeunga vizuri na daktari aliniruhusu tangu Januari. Lakini barabara ikianza kuinama tu, mikono inakufa ganzi. Nabana breki toka juu mpaka chini. Nikifika chini vidole vimekakamaa hata kifungo cha kofia siwezi kukifungua. Wiki iliyopita nilisimama katikati ya mteremko, nikashuka, nikatembea kwa miguu. Mume wangu alikuwa mbele, hakuona. Nilipomfikia nikamwambia nilipata pancha.

Hapo ndipo panaponiuma. Kwa miaka kumi sijawahi kumdanganya hata kuhusu bei ya kitenge. Sasa naomba kujua: kati ya sehemu hizo mbili ni ipi itakayonifaa kwa hali hii, na hii hofu inatibika au niuze baiskeli?

Mzee wa Kibosho

Binti yangu, pole sana. Mwambie mumeo leo, kabla ya chakula au baada, wewe utaona. Mtu anayekungoja chini ya mlima ana haki ya kujua unavyoteremka. Ukianguka tena huku yeye anajua ni pancha, utakuwa umempa mzigo mzito kuliko huo unaoubeba wewe. Mambo ya Mallorca na Girona wajuzi watasema.

Kona ya Ngong

Pole dada. Mimi niliendesha Mallorca kwa siku sita, na Sa Calobra nimeifika, kwa hivyo nitasema nilichokiona.

Milima mingi unapanda kwanza ndipo ushuke. Sa Calobra ni kinyume. Barabara ile inaishia baharini, njia ya lami ni hiyo moja, kwa hivyo ni lazima ushuke kwanza karibu kilomita 10 kutoka kwenye kilele cha mita 682, kona juu ya kona, halafu ugeuke upande ulikotoka. Pana kona moja ambapo barabara inajizungusha na kupita chini yake yenyewe, kama fundo la tai. Ilimalizika 1932, na mhandisi Antonio Parietti aliifuatisha umbo la mlima badala ya kuutoboa. Ni nzuri mno, sitakudanganya. Lakini kwa mtu ambaye vidole vinakakamaa, utafika chini umechoka akili, na kazi ya kupanda ndiyo kwanza inaanza. Ongeza mabasi ya watalii ambayo kwenye kona huchukua barabara yote.

Mwaka huu, hapana. Mwaka ujao nenda, na utaipenda.

Fundi Spoku

Kabla hamjaongea habari za nchi, mimi nataka kujua baiskeli. Dada, breki zako ni za diski au za kubana rimu? Unapobana, mikono inakuwa juu ya usukani au kule chini kwenye mkunjo? Na je, una mikono midogo?

Dada wa Soni

Asante Mzee, maneno yako yameniingia. Fundi: ni za rimu, rimu ni alumini. Nabana nikiwa juu, kwa sababu kule chini vidole haviufikii vizuri mkono wa breki, nafika na ncha tu. Na ndiyo, mikono yangu ni midogo, glavu zangu kazini ni saizi ndogo kabisa.

Fundi Spoku

Nilijua. Nisikilize vizuri dada yangu, maana sehemu ya hofu yako si hofu, ni skrubu.

Ukibana breki ukiwa juu, vidole viko karibu na egemeo la mkono wa breki, kwa hiyo unatumia nguvu nyingi kupata breki kidogo. Ndiyo maana misuli inakufa. Kule chini unashika ncha ya ule mkono, na kidole kimoja au viwili vinatosha kabisa. Sasa baiskeli nyingi zinatoka kiwandani zimepimwa kwa kiganja cha mwanaume mkubwa. Inua ile raba inayofunika mkono wa breki, uangalie kwa mbele au kwa juu. Mara nyingi utakuta skrubu ndogo ya kuusogeza karibu na usukani. Izungushe robo kwa robo mpaka kifundo cha kwanza cha kidole kiulalie mkono wa breki bila kujinyoosha. Kisha mpe fundi arekebishe waya, maana ukisogeza mkono wa breki nafasi ya kubana inapungua, na hutaki ugonge usukani kabla breki haijashika.

Pili, toa raba za breki uzitazame kwenye mwanga. Utaona vipande vidogo vya alumini vimejichimbia ndani pamoja na mchanga. Vichokoe kimoja kimoja kwa sindano, halafu piga msasa mwepesi mpaka uso uwe mweusi bila kung'aa. Mteja wangu mmoja alikuwa anasema breki zinalia kama paka. Kwenye raba moja nilitoa vipande saba.

Tatu, acha kubana mfululizo. Rimu inachemka na mkono unachoka. Bana kwa nguvu kabla ya kona, na breki zote mbili. Ukiingia kwenye kona uwe umeshapunguza mwendo, achia. Mguu wa upande wa nje wa kona uwe chini na uukanyage kwa uzito wako. Macho yatazame unakotaka kutokea, si lile shimo unaloliogopa. Na tairi usilijaze upepo mpaka liwe jiwe, litateleza.

Tafuta kilima kifupi, mita mia tatu, kikavu, bila magari. Kishuke mara kumi. Kesho yake tena.

Shangazi wa Barcelona

Mimi naishi hapa Katalunya mwaka wa kumi na moja, na Girona naenda kwa treni na baiskeli yangu karibu kila mwezi. Njooni.

Siku ya kwanza pandeni Els Àngels, mnaanzia mjini kabisa. Ni kama kilomita 10 za mwinuko wa upole ndani ya msitu, na juu hamfiki hata mita 500. Pale kileleni pana kanisa dogo ambalo Salvador Dalí na Gala walifungia ndoa mwaka 1958. Kwa watu wanaosherehekea miaka kumi ya ndoa, sioni mahali pazuri zaidi pa kunywea kahawa. Kisha mnashukia Madremanya, mteremko wa wastani unaofaa kujifunzia, mnaingia Monells yenye uwanja wa matao ya mawe, na mkiwa na nguvu mnafika Peratallada, ambako handaki la ulinzi lilichongwa kwenye mwamba wenyewe. Mnarudi kwa bonde la mto Ter, tambarare.

Siku ya kuiona bahari, watu wote watawaambia barabara ya kati ya Sant Feliu de Guíxols na Tossa de Mar. Ina kona hazihesabiki, na chini ni bahari. Dada, hapa nisikie: endesheni KUTOKA Sant Feliu KWENDA Tossa. Hapa tunapita kulia, kwa hiyo mtakuwa upande wa mlima na bahari itakuwa ng'ambo ya njia ya pili. Mkienda kinyume, mtakuwa ukingoni kabisa. Barabara ni ile ile, lakini moyo haudundi vile vile. Kufika Sant Feliu ipo njia ya reli ya zamani kutoka Girona, haina magari kabisa. Ni changarawe iliyoshindiliwa, ikiwa kavu haina shida.

Kilima cha Rocacorba muachie bwana. Kinapanda kwa zaidi ya kilomita 10, juu kinakuwa kikali, na kurudi ni kwa njia ile ile. Yeye apande, wewe ukae kando ya ziwa Banyoles umngoje na samaki wa kukaanga. Na asubuhi mkikuta upepo wa tramuntana unavuma kutoka kaskazini, msilazimishe, tembeeni mjini. Vichochoro vya mtaa wa kale wa Wayahudi vitakukumbusha Mji Mkongwe, kuta mbili unazigusa ukinyoosha mikono.

Chakula: jikoni huku zinafunguliwa saa saba mchana, na maduka mengi ya vijijini hufungwa alasiri. Bebeni ndizi.

Mtoto wa Pangani

Naheshimu yote, ila Mallorca si Sa Calobra peke yake. Katikati ya kisiwa kuna tambarare yenye vijiji kama Sineu na Petra, barabara nyembamba kati ya milozi na kuta za mawe. Na mlima wa Sóller magari mengi hupita handakini, kwa hiyo barabara ya juu ni ya waendesha baiskeli zaidi.

Kona ya Ngong

Ni kweli, Pangani. Lakini mumewe atakuwa anaiona ile milima kila siku na hataipanda? Huo nao ni mtihani.

Dada wa Soni

Wapendwa, narudi na majibu.

Nilimwambia jana usiku. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo ile pancha?" Nikasema hapakuwa na pancha. Akaenda kuchukua tochi na bisibisi, tukakaa sakafuni mpaka saa sita. Skrubu ipo, Fundi! Imezungushwa mara mbili na nusu. Kwenye raba tumetoa vipande vitano, nimevifunga kwenye karatasi. Leo asubuhi waya umerekebishwa, tukaenda kilima cha nyuma ya kiwanda. Nimeshuka mara nane, yeye akiwa nyuma yangu, si mbele. Mara ya nne bado nililia. Mara ya nane nilifika chini nikafungua kifungo cha kofia mwenyewe.

Tiketi ni za Girona. Shangazi, swali moja: tukitaka kupanda zile ngazi za kanisa kuu, baiskeli tunaziacha wapi?

Shangazi wa Barcelona

Msiziache popote. Niambieni siku mtakayofika, nije niwashikie.