Mtazamo wa mtu na kujitambua vinachangia nini katika mafanikio?

Muuza vikwembe, Kadutu (Bukavu):
Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi na jirani yangu wa soko tulianza kuuza vikwembe, yaani vitenge, mwaka mmoja, kwa mtaji unaolingana, na mali tunaichukua kwa mfanyabiashara yule yule. Lakini leo yeye ana meza mbili na kijana wa kumsaidia, na mimi ningali na meza ile ile, yenye vikwembe vya kahawia vilivyokaa hadi mikunjo yake imepauka. Kila ninapoomba ushauri naambiwa nibadilishe fikra na nijione tayari ni tajiri. Naomba mnijibu kwa uzito: je, mtazamo wa mtu na kujitambua kwake vina nguvu ya kweli katika mafanikio, au ni maneno ya kumfariji aliyekwama?

Mwalimu wa saikolojia, Lubumbashi:
Dada, nguvu ipo, ila haiko pale wanapokuelekeza. Ushahidi ninaouamini zaidi unatoka Lomé, nchini Togo, ambako watafiti waliwagawa wafanyabiashara wadogo 1,500 kwa kura katika makundi matatu: kundi moja lilifundishwa mambo ya kawaida ya biashara, kama vile hesabu na masoko, la pili lilifundishwa moyo wa kujituma na kubuni, la tatu halikufundishwa chochote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba faida ya kundi la pili iliizidi ya wale wasiofundishwa kwa asilimia 30 katika miaka miwili iliyofuata, ilhali ongezeko la kundi la kwanza lilikuwa asilimia 11, kiasi ambacho kitakwimu hakikuthibitisha kitu. Hakuna aliyefundishwa kujiona tajiri. Walifundishwa kutafuta nafasi kabla ya kuonyeshwa, kujitofautisha na jirani anayeuza kitu hicho hicho, kutazamia vikwazo na kutokata tamaa vinapofika.

Kuhusu kujitambua, mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Dunning na Kruger, waliwapa wanafunzi majaribio ya mantiki, sarufi na ucheshi. Walioshika mkia, ambao kwa wastani waliwazidi asilimia 12 tu ya wenzao, walidhani wamewazidi asilimia 62. Kwa hiyo anayejichunguza peke yake, bila kupima kitu, anaweza kujidanganya kwa moyo safi kabisa. Ndiyo maana nakuuliza: vile vikwembe vya kahawia vilichaguliwa kwa kuangalia nini?

Mama wa Birere, Goma:
Mwalimu amesema vizuri, lakini naomba tusimtwike binti yetu mzigo usio wake. Benki zilipofungwa hapa Goma mwanzoni mwa 2025, hata mwenye fikra bora kuliko sisi sote hakuweza kwenda kutoa pesa zake. Kwangu mimi, kujitambua ni pamoja na kutenganisha yanayotoka kwako na yanayotoka kwenye hali ya nchi. Hata hivyo, mwanangu, jirani yako yumo katika hali hiyo hiyo ya Bukavu, na kwa hiyo swali la mwalimu usiliruke.

Muuza vikwembe, Kadutu (Bukavu):
Nawashukuru, Mwalimu na Mama. Nitapimaje, basi, kama sina mtu wa kunifundisha kama wale wa Lomé?

Mwalimu wa saikolojia, Lubumbashi:
Fungua daftari. Kila mteja anayegusa kikwembe kisha akaondoka, andika aliulizia rangi gani, bei gani, na kama alitafuta sare ya harusi au nguo ya kanisani. Baada ya mwezi mmoja, linganisha maandishi hayo na yale uliyokuwa ukiamini kuhusu wateja wako, na uyatumie kabla ya kuchukua mali mpya.

Mama wa Birere, Goma:
Na daftari peke yake halitoshi, kwa sababu haliwezi kukuona wewe. Katika likelemba yenu, kikundi chenu cha kuchangiana pesa kwa zamu, hakosi mama mmoja asiyekuogopa: mwombe akae nawe mezani siku soko linapojaa, kisha akueleze unavyowapokea watu na uso unaoutoa wanapokuomba upunguze bei. Siku hiyo usimjibu neno. Andika tu anayoyasema, uyasome ukiwa umetulia, ndipo umrudie na maswali.