Nimempandisha mama ngazi mgongoni, halafu naambiwa "haki za binadamu nendeni Tume"

Wakuu, nimeshikwa na hasira, mnivumilie nikirukaruka.

Juzi Jumatano nilimtoa mama Mvumi kwa gari la alfajiri, aje mjini aweke dole gumba kwenye karatasi za marehemu baba. Mama mguu mmoja ulikatwa mwaka juzi, ni kisukari, anatumia kiti cha magurudumu. Ofisi ni ya umma, siitaji. Iko ghorofa ya pili. Lifti imebandikwa karatasi "MBOVU", na karatasi yenyewe imeshapauka. Karatasi haipauki kwa siku mbili.

Nikapanda peke yangu nikamwomba dada wa dirishani ashuke na pedi ya wino, dakika tano tu. Hakuinua hata macho. "Kaka, mteja ndiye anayeifuata huduma." Nikamwambia hana mguu. "Basi aje lifti ikitengenezwa."

Nikambeba. Watu wanatupisha, wengine wanageuza nyuso. Na mama alivyo mtu wa salamu, anawasalimia "mbukwenyi" toka mgongoni kwangu utadhani tunakwenda harusini. Kufika juu: mtandao uko chini, njooni Jumatatu.

Hapo ndipo nikapaza sauti, nikasema huku ni kuvunja haki za binadamu. Akatoka mzee mmoja wa tai, bosi wao nadhani: "Kijana, hapa tunashughulika na mafaili. Haki za binadamu Tume iko hapa hapa Dodoma, nendeni." Wenzake wakacheka.

Kwa hiyo kauli ndiyo nimefungua uzi. Dada yule namsamehe nusu, foleni ilikuwa ndefu na yuko peke yake. Mzee wa tai simsamehe.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilianza kazi 2001, inachunguza malalamiko na kutoa mapendekezo. Haikuundwa ili ofisi nyingine zote zipumzike! Katiba ibara ya 12(2) inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Ibara ya 13(4) inapiga marufuku mtu kubaguliwa na mamlaka yoyote katika kazi za nchi. Sasa hiyo mamlaka ni nani kama si lile dirisha? Ni nani kama si yule aliyeiacha lifti mpaka karatasi ikapauka? Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu 2010, kwa hiyo sikwenda pale kuomba hisani.

Na wanasheria wa humu msiniletee ibara ya 7(2). Ile inazifungia mahakama ile sehemu tu ya Katiba yenye malengo ya serikali, zisiitilie nguvu ya kisheria. Haki za ibara ya 12 mpaka 29 mtu anaweza kuzipeleka Mahakama Kuu, ibara ya 30(3) imeruhusu. Uwezo wa kufika huko sina, lakini mzee wa tai asinidanganye kwamba haki ni idara ya jirani.

Mwenye uzoefu aniambie: barua ya malalamiko naanza kwa mkuu wa ofisi ile ile, au naipeleka Tume moja kwa moja? Jumatatu tunarudi. Ngazi nimeshazihesabu, ziko 44.