Natafuta redio orijino ya Camaro ya 1969, naombeni ushauri

Wakuu habari zenu, niko huku Marekani nina Chevrolet Camaro ya 1969 naitengeneza taratibu, injini imeshakaa sawa ila dashibodi inaniumiza roho, aliyekuwa nayo kabla yangu aling'oa redio ya kiwandani akaweka ya kaseti. Mimi nataka Delco yenyewe, yaani chapa ya redio za kiwandani za Chevrolet, ile ya AM ya vitufe vitano, sitaki za kuiga zenye bluetooth ndani. Sasa mtandaoni kila muuzaji anasema yake ni ya 69. Namba za kwenye kasha nazisomaje nisije kuuziwa ya Chevelle, ile gari nyingine ya Chevrolet? Na nikipata iliyokufa kwa bei poa, fundi anaweza kuifufua au nisubiri inayoimba? Waliowahi kupitia hili nisaidieni jamani, naipenda sana hii gari.