Mgonjwa alazwe halafu chakula ajilipie? Tena nisimpikie?

Mwanakwetu Mbali

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu ni dereva wa bodaboda, amevunjika paja, amelazwa wodi ya mifupa kwenye hospitali moja ya mkoa hapa Tanzania. Jina naliacha, sitaki mgonjwa wangu aanze kuangaliwa kwa jicho baya. Amefungwa mzigo mguuni unaovuta mfupa ukae sawa, na daktari kasema atalala chali wiki kadhaa. Kichwa kizima, tumbo zima, anakula kama yuko msimu wa kulima.

Kwetu ni mbali, ukipanda basi alfajiri unafika giza limeingia. Nimepanga chumba jirani na hospitali, napika uani kwa jiko la mkaa, na asubuhi, mchana na jioni naingia na hotpoti na chupa ya chai. Unga na maharage mama anatutumia kwa basi.

Wiki hii wamebandika tangazo getini. Kuanzia mwezi ujao chakula cha nje hakiingii wodini. Hospitali imepata mzabuni, milo mitatu ni Sh 7,000 kwa siku, unalipia dirishani kwanza ndipo jina linaandikwa. Sababu waliyotoa ni usafi na magonjwa ya kuambukiza.

Nimepiga hesabu: wiki moja ni Sh 49,000. Kwa hela hiyo nala mimi, anakula yeye, na mkaa nanunua. Naomba mnisaidie kuelewa. Kama chakula ni sehemu ya matibabu, mbona nalipishwa kivyake wakati kitanda nimeshalipia? Na kama ni mambo yangu binafsi, wananikatazia nini kupika?

Kifaru Mweusi

Hospitali si hoteli, mkuu. Angekuwa nyumbani asingekula? Serikali inunue dawa na vipimo, tumbo la mtu ahangaike nalo mwenyewe. Siku wakianza kulisha bure watu watajilaza wenyewe.

Mama Shufaa

Kifaru wewe hujawahi kulazwa. Nani ajilaze kwa hiari, wawili kitanda kimoja, usiku mwenzako anakohoa usoni kwako?

Mimi nina meza ya chakula nje ya geti la hospitali, si hiyo ya mtoa mada. Kwa hiyo nina maslahi yangu na sifichi, mzabuni akiingia meza yangu inakufa. Lakini nisikilizeni jambo moja ambalo hao wakubwa hawalioni kwa sababu hawasimami getini.

Mtu anayeuguza siku za mwanzo ananunua sahani mbili. Wali maharage yake, ya mgonjwa ugali na dagaa. Siku zikienda ananunua sahani moja. Anaomba nimwongezee mchuzi, anaingia nayo, mgonjwa anakula anavyoweza, kinachobaki ndicho chakula chake. Wengine wanaanza kuomba ukoko. Chakula cha mzabuni kinahesabiwa kwa kitanda. Yule anayelala kwenye kanga chini ya kitanda kahesabiwa wapi?

Sista Mstaafu

Mwanakwetu, pole kwa kuuguza. Mimi nimekuwa muuguzi tangu miaka ya themanini mwishoni hadi nilipostaafu, wilayani kisha mkoani. Nimefanya kazi kwenye hospitali inayopika, na hiyohiyo nikaiona ikiacha kupika.

Nilipoanza tulikuwa na jiko nyuma ya wodi ya watoto. Kuni zimepangwa ukutani, wapishi wameajiriwa, na toroli linaingia wodini na sufuria la ugali na sufuria la maharage. Nyama ilikuwa Jumapili. Kitamu hakikuwa, wagonjwa walinung'unika chumvi kila siku, lakini saa ya kula ilijulikana. Baadaye mzabuni wa maharage akawa halipwi kwa wakati, leo analeta kesho haonekani. Mwaka 1993 serikali ikaanza uchangiaji wa gharama kwenye hospitali zake, tukazoea watu kulipia kadi na kitanda. Kwetu pale hakuna siku aliyesimama mtu akatangaza kwamba chakula kimefutwa. Kilififia tu. Toroli lilibaki, tukawa tunabebea mashuka. Leo nikisikia kijana wa utawala anasema ndugu kuleta chakula ni mila yetu, nacheka.

Sasa swali lako. Mnabishana kama vile wagonjwa wote ni wa aina moja. Mdogo wako kavunjika mfupa, tumbo ni lake, na sioni dhambi akichangia ugali wake. Lakini tazama vitanda vya wodi nyingine. Kuna wa sukari. Insulini anachomwa asubuhi, chakula anakisubiri kwa shemeji anayetoka ng'ambo ya mji kwa daladala. Shemeji akikwama, sukari inashuka, mtu anatoka jasho, anatetemeka, anaanza kuongea ovyo, na wa zamu anakimbia kutafuta glukosi. Nimeyaona hayo mara nyingi hadi nikawa naficha biskuti kwenye droo. Wa figo analetewa ndizi na parachichi na mke anayempenda kweli, kumbe potasiamu iliyomo ndiyo hiyo figo zimeshindwa kuitoa. Aliyeungua moto anataka protini nyingi kuliko mimi na wewe, ngozi itajijenga na nini?

Mtoto mwenye utapiamlo mkali ndiyo usiseme. Huyo haanzi na supu ya kuku ya bibi. Anaanza na maziwa maalumu, tunaita F-75, kilokalori 75 kwa kila mililita 100, kidogokidogo kila saa mbili au tatu, mchana na usiku, mpaka mwili utulie ndipo apandishwe F-100. Ukimshindilia chakula siku ya kwanza kwa huruma, moyo unaweza kushindwa.

Hao wote chakula chao kiandikwe kwenye faili kama dawa, kitoke jikoni kwa hospitali, na wasidaiwe hata senti. Hapo sina mjadala na mtu.

Ninapogombana na tangazo lenu ni kwenye kuzuia hotpoti. Aliyeliandika anadhani ndugu huja na chakula tu. Wodi yenye vitanda thelathini, usiku kuna muuguzi mmoja, Mungu akijalia wawili. Nani anamgeuza mgonjwa asipate vidonda mgongoni? Nani anamwogesha, anamwaga mkojo, anakuja kuniita kwamba sista dripu imeisha? Ni huyo aliyekuja na uji. Mkimzuia getini mmejinyima mikono ambayo hamkuwahi kuilipa mshahara, na sijaona tangazo la kuajiri mingine.

Halafu kila wodi ina mtu asiye na mtu. Utingo aliyeshushwa na lori la safari ndefu, mzee aliyeokotwa stendi, kijana ambaye simu ilipotea kwenye ajali na namba za kwao hazikumbuki. Hawa wote nilikuwa naona wanakula kutoka kitanda cha jirani. Hotpoti ikifunguliwa, kifuniko kinakwenda kwa huyo. Chakula cha risiti hakigawanyiki hivyo, maana kila sahani ina jina.

Kukiwa na mlipuko wa kipindupindu, zuieni, nitakuwa wa kwanza kusimama getini. Lakini siku za kawaida, usafi unaanza na maji kutoka bombani na sabuni kuwepo chooni.

Kifaru Mweusi

Mama shikamoo. Hiyo ya sukari na watoto nakubali. Lakini nani atalipa? Hewa?

Sista Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hao niliowataja ni vitanda vichache kwenye hospitali nzima, si wodi zote. Ndiyo maana sisemi kila mtu alishwe bure. Ukisema wote, bajeti itashindwa mwezi wa pili, kisha tunarudi kwenye toroli la mashuka.

Odongo wa Nakuru

Salaam kutoka Kenya. Kwetu hospitali za umma hupika. Asubuhi chai na mkate ama uji, mchana na jioni ugali na sukuma, siku nyingine wali na ndengu au maharagwe. Jamaa zako wakitaka kukuletea kuku ni juu yao. Pesa ya chakula imo ndani ya ada ya kitanda, kwa hivyo hakuna anayekuuliza kama umelipia leo.

Lakini msitamani sana. Bili inajumlika kimyakimya. Unakula ugali wa deni, unapona, halafu hauachiliwi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema wanawake wawili waliozuiliwa hospitali ya Pumwani kwa kukosa kulipa bili walivunjiwa haki zao za kikatiba. Uamuzi ulikuwa mzuri, ila watu kuzuiliwa haikuisha siku hiyo. Hapo ndipo naona dirisha lenu la kulipa kwanza lina nafuu kidogo. Angalau unajua umekula ngapi.

Sista Mstaafu

Nafuu kwa mwenye nacho, baba. Ukilipa kwanza hudaiwi, sawa. Ila asiye nacho halali na deni, analala na njaa, na njaa haina kesi mahakamani.

Bibi Harusi wa Ruvuma

Niko Ujerumani, nafanya kazi ya uuguzi. Kwa wanaodhani Ulaya kila kitu bure: huku mtu mzima mwenye bima ya umma akilazwa anachangia Euro 10 kwa siku. Chakula, kitanda na matibabu vimo. Mwisho ni siku 28 kwa mwaka, baada ya hapo halipi tena, na aliye chini ya miaka 18 halipi kabisa. Wafaransa nao wana ada yao ya siku. Uingereza ndio wanaolisha mgonjwa aliyelazwa bila kumdai tangu mfumo wao wa afya wa umma, NHS, uanze mwaka 1948.

Mimi kilichonigusa ni hizo siku 28. Aliyepanga alijua kwamba aliyelala muda mrefu ndiye hafanyi kazi muda mrefu, kwa hiyo ada inakoma pale mfuko unapoanza kutoboka. Hiyo Sh 7,000 yenu haina kikomo. Mwenye ngiri anatoka baada ya siku chache, mwenye paja analipa mpaka mfupa uunge.

Ila chakula cha jioni huku ni mkate na jibini, vya baridi. Mgonjwa wa kwetu akiletewa hicho ataomba kuruhusiwa usiku huohuo.

Kifaru Mweusi

Haha. Hilo la kikomo ni wazo. Wakiweka wiki mbili za kulipa halafu basi, sina neno.

Mama Shufaa

Na wa chini ya kitanda?

Mwanakwetu Mbali

Nashukuruni sana wakuu, na shikamoo Sista. Leo asubuhi nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Mhudumu alikuwa mpole. Nilimuuliza wenye msamaha, yaani wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, je, na hiyo Sh 7,000 wamesamehewa? Akafungua faili, akafunga, akasema waraka unazungumzia matibabu, chakula hakikutajwa.

Tukaenda pamoja kwa matroni, mimi na mzee mmoja anayemuuguza mkewe. Matroni anasema hata wao wauguzi hawakuulizwa, na hilo la mikono alilisema mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Ametushauri tuandike barua, ndugu wa wodi nzima tuweke sahihi, tuombe saa za kuona wagonjwa zibaki na hotpoti ziruhusiwe, anayetaka cha mzabuni alipie kwa mlo badala ya siku nzima. Nimeandika. Hoja ya siku 28 nimeiingiza, dada wa Ujerumani samahani sikukuomba ruhusa.

Kijana wa kitanda cha tatu ndiye niliyekuwa simfikirii kabisa. Ni utingo kweli, kama alivyosema Sista. Nilikuwa namwona kila siku anapokea kifuniko kutoka kwa yule mzee, nikajua ni mtoto wake.

Sista, la mwisho. Wakati tunasubiri majibu, mgonjwa wa mfupa nimpe nini? Watu wananiambia supu ya kwato, kwato zenyewe bei juu.

Sista Mstaafu

Kwato achana nazo kama mfuko umebana. Dagaa wakavu, uwakaange, awale na vichwa vyao, hao wana madini ya chokaa na protini kwa bei ndogo. Maharage unayo. Yai ukipata, maziwa ukipata, mchicha au matembele kila siku, na usiyachemshe mpaka yakawa meusi. Akipata sehemu yenye jua na kitanda kikasogezeka, mwombe sista akisogeze asubuhi.

Maji anywe mengi hata kama anaona tabu kuomba chombo cha kukojolea. Aliyelala chali akinyimwa maji choo kinafunga, na mkojo ukituama huleta mawe. Papai kila siku, ndogo inatosha. Barua yenu mpelekee mganga mfawidhi, nakala kwa matroni, na mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.

Na kama anavuta sigara, aache kuanzia leo, inachelewesha mfupa kuunga. Usimuulize yeye, kanuse godoro.